Mzigo Unaosemekana Umefika

Jumatatu, 3 Machi

Madai mengine. Simu ililia wakati nachemsha maji ya chai. "Mnunuzi anasema mzigo haujamfikia. Jibu kabla ya Jumapili saa kumi na mbili jioni." Nilidhani ni yule bwana wa mwezi wa kwanza karudi kwa jina jingine. Nikafungua. Si yeye. Ni Mwalimu.

Nikakaa.

Wigi ya Mwalimu haikuwa kama hizi nyingine. Nywele zilikuwa zake mwenyewe. Alizikata kabla hajaanza matibabu, akazisuka mkia mmoja, akaufunga kwa uzi mweupe, akanitumia. Na karatasi: usizipake rangi, na mvi za mbele ziache pale pale zilipokuwa, wanafunzi wangu wanazijua. Wiki tano nilikaa na kichwa kile. Unywele mmoja mmoja, kwa sindano ya kulabu, kwenye neti. Shingo inauma mpaka leo.

Ningempelekea mwenyewe, anakaa ng'ambo ya mji tu. Lakini soko la mtandaoni tunakouzia linakataza. Lazima upite kwa wasafirishaji wao. Nao wameandika kwa kijani: UMEFIKISHWA. Ijumaa, saa nane na dakika kumi na moja mchana.

Wifi alisoma juu ya bega langu. Yeye ndiye anayefunga maboksi na kuandika anwani. Kaka yake, mume wangu, alifariki mwaka wa nne sasa, na yeye hakuondoka kwangu. Akasema ni wale wale, wanapokea halafu wanakana. Nikamwambia mtu haibi nywele za kichwa chake.

Akarudi kwenye maboksi yake.


Jumanne, 4 Machi

Wasafirishaji wametuma ushahidi wao. Picha moja. Boksi letu — naijua selotepu ya Wifi, anaizungusha kama anafunga kidonda — limeegemezwa kwenye mlango wa mbao, wa bluu. Pembeni jozi ya mabuti ya mpira, yana matope. Chungu cha maua. Namba ya nyumba haionekani.

Nikampelekea Mwalimu kwa ujumbe wa mle mle sokoni. Baada ya saa nzima akajibu. Anakaa ghorofa ya tatu. Mlango wake ni wa chuma, wa kijivu. Mabuti hajawahi kuwa nayo maishani. Chini kabisa akaongeza: je, zikinyeshewa zitaharibika?

Maana Ijumaa ilinyesha. Hata huku kwetu.

Nikamwandikia kwamba ndani ya boksi kuna nailoni. Ni kweli ipo. Sikuandika kwamba ni ile nyepesi.


Jumatano, 5 Machi

Ofisi ya wasafirishaji. Simu yao inaongea peke yake — bonyeza moja, bonyeza nne, samahani hatujakuelewa — kwa hiyo nikaenda kwa miguu yangu. Foleni ya watu sita, kila mmoja kashika simu mbele yake kama aliyebeba yai.

Karani ana mafua, ananyonya peremende ya kifua. Nikampa picha. Hakuitazama, alitazama skrini yake.

"Umefika, dada."

Nikamwambia haujafika. Mlango ule si wa mteja.

"Mfumo unasema umefika."

Nikamwomba basi amuulize dereva. Akanieleza, wala si kwa ubaya, kwamba uchunguzi hufunguliwa na mwenye mkataba. Mwenye mkataba ni soko. Na mimi je, ni nani? Akafikiri kidogo. "Wewe ni mtumaji." Alilisema kwa huruma, kama anayempa mtu habari ya msiba.

Nikatoka nje nikawapigia soko. Wakasema suala la mlango ni la msafirishaji.

Nilikuwa nishafika kona ya barabara karani akanifuata, kashika leso puani. Magari hutoka geti la nyuma saa moja asubuhi, akasema. Na kwamba hakuniambia yeye.


Alhamisi, 6 Machi

Asubuhi nzima naandikiana na Mhudumu wa soko. Sijui ni mtu au ni mashine. Nilimuuliza. Akajibu: asante kwa uvumilivu wako.

Nilichoelewa ni hiki, na nimekisoma mara tatu. Kuna vitufe viwili. Kimoja: "Nina uthibitisho kwamba mzigo ulifikishwa." Kingine: "Nakubali kosa ni langu." Cha tatu hakuna, na usipobonyeza unahesabiwa umekubali. Hakuna pa kuandika kwamba mzigo ulifika mahali, ila si kwake. Kwamba mimi sikukosa, na yeye hakudanganya, na nywele bado hazipo.

Nikikubali kosa, hili linakuwa la tatu ndani ya siku tisini. La kwanza ni yule bwana. Alikana mzigo, akarudishiwa hela yake, wiki ya pili mkewe akatuandikia kuuliza wigi inaoshwa kwa sabuni gani. La pili lilikuwa letu kweli: tuliandika nyumba namba 61, ilikuwa 16. Yakifika matatu duka linafungwa. Si kwa wiki, si kwa mwezi. Linafungwa. Wateja wote wako mle, maoni ya miaka mitano yako mle, oda kumi na moja ziko mle. Saluni tulishairudisha kwa mwenye nyumba. Kibao barabarani hatuna. Tukifutwa pale ni kama hatujawahi kuwapo.

Mhudumu akaniomba nimpe nyota kwa huduma yake. Nikampa nne. Sijui hata kwa nini.


Ijumaa, 7 Machi

Leo nimemsikia Mwalimu kwa sauti. Soko halitoi namba ya mteja. Unabonyeza kitufe, wao wanakuunganisha. Nilikuwa nakiogopa hicho kitufe tangu Jumatatu.

Ana sauti ya mtu aliyezoea kusikika mpaka dawati la nyuma, ila imepungua, kama redio inayoishiwa betri. Kitu cha kwanza alichosema: "Hela sitaki. Huwezi kuwaandikia hapo kwamba sitaki hela?"

"Hakuna pa kuandika, Mwalimu."

"Hata mimi sikupaona. Nilitaka kuuliza tu, jamani, mzigo wangu uko wapi. Kitufe kilikuwa hicho kimoja."

Anafundisha hesabu. Anarudi darasani tarehe kumi na saba. Daktari alitaka apumzike zaidi, lakini anasema akikaa nyumbani wiki moja nyingine ataanza kusalimiana na masufuria. Tukacheka. Halafu akasema za kichwani zimekwisha, zile za mwisho zilibaki kwenye taulo Jumanne. Alilisema hilo kama anayetaja hali ya hewa.

Nikasikia kijiko kwenye kikombe upande wake.

Akauliza kama ayafute madai, nisije nikapata matatizo kwa ajili yake. Nikawahi kumkataza. Akiyafuta faili linafungwa, na hakuna atakayezitafuta tena.

"Kwani sasa hivi kuna anayezitafuta?"

Nikasema mimi.


Jumamosi, 8 Machi

Saa moja kasoro nilikuwa geti la nyuma. Mimi na Wifi. Dereva wa upande ule tulimpata kwenye gari la tatu. Mtu mzima, anachechemea, amefunga goti kwa bendeji juu ya suruali. Akaitazama picha kwa muda mrefu.

"Mlango huu siujui."

Wifi akamuuliza si yeye aliyeupiga picha?

"Mizigo mia na arobaini kwa siku, dada. Simu inataka picha. Nikichelewa inapiga kelele mpaka nipige."

Akatuvuta pembeni ya gari. Ijumaa ile ilinyesha, alikuwa amechelewa, alikuwa anashusha mizigo akikimbia na goti hili. Ana barua mbili za onyo. Tukiandika kwamba alikosea mlango, Jumatatu hatumkuti hapa. Nikamwambia sitaki kazi yake, nataka mlango tu. Akafumba macho, akajaribu kukumbuka, nilimwona akijaribu kweli. Hakuna kitu.

Nilimwamini. Hilo ndilo lililoniuma. Angekuwa mwongo ningepata wa kumkasirikia.

Akachukua picha kwenye simu yake na namba yangu, akasema atakuwa anaangalia akipita.

Tukaenda mtaani kwa Mwalimu tukazunguka wenyewe. Mitaa minne. Milango ya bluu tisa! Sijawahi kujua watu wanaipenda bluu namna hii. Mmoja una chungu cha maua, hauna mabuti, na mwenyewe alituonyesha mpaka sebuleni kwake kwamba hana boksi letu. Kwingine mbwa alitutoa mbio, Wifi akapoteza kiatu, tukarudi kukifuata.

Jengo la Mwalimu tuliliona. Wifi akasema tupande tumsalimie. Sikupanda. Ningepanda na nini mkononi?


Jumapili, 9 Machi

Tangu asubuhi kompyuta iko wazi mezani. Tunaipita kama mgeni aliyelala.

Saa tisa Wifi akaja akakaa. Akasema picha ni yao, hukuichora wewe. Swali wanalokuuliza ni je, una uthibitisho. Unao. Hawajakuuliza kama ni wa kweli.

Nikamwambia nikiupeleka nitakuwa nimesema Mwalimu ni mwongo.

Akasema, "Wifi yangu, kuna watu kumi na mmoja wanasubiri. Nao wana upara, na wengine wana ugonjwa ule ule wa Mwalimu. Tukifungiwa, utawaambia nini hao?"

Nikatoka nikaanua nguo. Nikazikunja zote. Nikakunja na zilizokuwa bado mbichi.

Saa kumi na moja na nusu. Nimepakia picha. Nimebofya. Wifi alisema nimwachie yeye abofye, nikakataa. Nataka nikumbuke kilikuwa kidole cha nani.


Jumatatu, 10 Machi

Jibu lilikuja jana ile ile, baada ya dakika nne. "Hongera. Madai yameamuliwa kwa upande wako." Vikaratasi vya rangi vikanyesha kwenye skrini nzima, kama harusini. Dakika nne. Sidhani kama kuna mtu aliyeufungua ule mlango wa bluu akautazama.

Kulikuwa na ujumbe wa Mwalimu chini yake. Umeandikwa saa kumi na mbili kasoro.

"Wameniambia sina haki. Najua si wewe, ni mfumo wao. Usijilaumu, dada. Ulinifanyia kazi nzuri, niliiona kwenye picha za wigi ulizonitumia."

Nikaanza kujibu. Nikaandika, nikafuta, nikaandika. Nilipobonyeza tuma: "Mazungumzo haya yamefungwa." Kitufe cha kumpigia kimekuwa cha kijivu, hakibonyezeki.

Anadhani si mimi.


Jumatano, 12 Machi

Leo nimefungua orodha ya wateja wa zamani kutafuta vipimo vya mtu mwingine. Mbele ya jina la Mwalimu kuna alama nyekundu. Nikaigusa. "Mnunuzi huyu aliwahi kutoa madai yasiyo ya kweli."

Wauzaji wote wataiona. Kila akitaka kununua kitu, hata kalamu.

Nikamwandikia Mhudumu. Nilieleza yote, kwa mara ya kwanza nilieleza yote: mlango, mabuti, ghorofa ya tatu, picha ambayo nilijua si ya kwake. Nilidhani watanifungia duka na nilikuwa tayari.

Jibu: "Muuzaji hawezi kukata rufaa dhidi ya uamuzi uliompa ushindi. Je, tumekusaidia?"

Wifi alikuwa anakata vitambaa vya kufungia. Nikamsomea. Akaendelea kukata, halafu akaweka mkasi chini. Akasema yeye ndiye aliyenisukuma. Nikasema hapana. Akasema ndiyo. Tukabishana hivyo kidogo, kila mmoja anagombea kosa, na faili lenyewe lilishafungwa.


Alhamisi, 13 Machi

Dereva kapiga simu. Ameupata mlango! Bluu, chungu, namba kumi na nne, barabara ambayo hatukuifikia, jina lake na la kwa Mwalimu yanatofautiana herufi moja tu.

Mpangaji alihama Jumamosi. Alipakia kila kitu kwenye lori, mwenye nyumba hajui kaelekea wapi. Chumba kimefagiliwa. Dereva aliuliza kama kulikuwa na boksi. Mwenye nyumba akasema yalikuwepo maboksi mengi, mtu akihama si ndiyo mambo ya maboksi.

"Nisamehe, dada," dereva akasema. Nikamsamehe. Nifanyeje.


Jumamosi, 15 Machi

Tangu Alhamisi jioni tunashona. Wazo ni la Wifi: vipimo vya kichwa cha Mwalimu tunavyo, nywele za dukani za rangi inayokaribiana tunazo, tutengeneze nyingine tumpelekee kwa mikono yetu. Hatuna wiki tano. Hii ni ya cherehani, mstari kwa mstari. Oda za watu tumezisogeza pembeni.

Imetoka vizuri. Niseme ukweli, imetoka vizuri. Kwa mbali utadhani ni yenyewe.

Mvi hatuna. Hakuna anayetuuzia mvi. Wifi alipendekeza tuchovye kishungi kimoja kwenye dawa ya kutoa rangi. Kikatoka cha manjano, tukakikata.

Kwa hiyo mbele ni nyeusi tupu. Akiigusa tu atajua. Hata asipoigusa.


Jumatatu, 17 Machi

Niko kwa Mwalimu. Nimekaa kwenye kiti chake, naandika kwa sababu mikono yangu haijui pa kukaa.

Nilifika saa nane na nusu. Mlango wa chuma, kijivu, umefungwa. Jirani akachungulia, akasema Mwalimu leo karudi kazini, msubiri tu, hachelewi. Nikakaa kwenye ngazi, boksi magotini. Maneno nilikuwa nimeyapanga njiani. Kwanza nasema mimi ni nani. Halafu nasema zako hazikupatikana. Halafu nasema ile picha niliipeleka mimi. Halafu ndipo nampa boksi, na akitaka kulitupa alitupe. Kwa mpangilio huo huo. Nilikuwa nayarudia kama mtoto aliyetumwa dukani.

Nilimsikia kabla sijamwona. Hatua sita, kimya. Hatua sita, kimya. Alipotokea kwenye kona alikuwa ameshika ukuta. Mwembamba, kitambaa cha zambarau kichwani, mkoba wa madaftari begani. Akanitazama. Akalitazama boksi. Stika ya duka letu iko juu yake, kubwa, huwezi kuikosa.

"Zimepatikana," akasema.

Hakuuliza. Alisema. Na uso wake — sitauelezea uso wake.

Nikafungua kinywa. Alikuwa ameshanishika mkono, mkono wake baridi, ingia, ingia dada yangu, umekaa kwenye simenti muda wote huu. Funguo zilimdondoka mara mbili. Nikaziokota mimi. Nikamfungulia mimi.

Ndani akawa anaongea kwa haraka. Kwamba leo darasani alikuwa anaogopa watamuuliza kuhusu kitambaa, na wakamuuliza swali moja tu, kama mtihani uko pale pale. Alicheka mpaka akalazimika kukaa.

Nikasema, "Mwalimu, ngoja kwanza."

"Ngoja wewe," akasema. "Mimi nimengoja wiki mbili."

Akalichukua boksi magotini kwangu, akaliweka katikati ya meza, akalinyoosha liende sawa na ukingo wa meza. Akaleta mkasi. Halafu akaitazama mikono yake. Ina chaki mpaka kwenye kucha. Akasema hawezi kuzishika nywele zake na mikono hii, nimpe dakika mbili akanawe.

Mkasi ameuacha juu ya boksi.

Maji yanatiririka bafuni. Ananiuliza kutoka huko kama mvi ziliingia zote. Anasema, au usiniambie, nitaziona mwenyewe.

Maji yamefungwa.